Njia ya Bugarama: Sikio Ndilo Kioo cha Nyuma

Msafiri aondokaye Bujumbura kwa njia kuu iendayo Kayanza, na hatimaye mpaka wa Burundi na Rwanda, hapewi muda wa kuizoea milima. Mji wenyewe umelala kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipoinuka kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mara nyumba za mwisho zinapoachwa nyuma, barabara huanza kupanda na kujipinda, kona baada ya kona, na joto la ziwani hupungua kidogo kidogo. Baada ya kilomita zipatazo 35 msafiri hufika Bugarama, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000, penye baridi, ukungu, na mboga zilizopangwa kando ya barabara: kabichi, karoti, vitunguu na viazi. Hapo njia hugawanyika. Moja huendelea Kayanza, na nyingine huelekea Muramvya na Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa nchi hiyo.

Wageni wengi huisifu njia hii kwa mandhari yake, nao wana haki. Lakini aliyeipita mara moja tu hatasahau jambo jingine, nalo ni baiskeli. Kwa Kirundi baiskeli huitwa ikinga, na katika mlima huu ikinga ndiyo lori la mtu asiye na lori. Vijana hushuka nazo zikiwa zimesheheni mikungu ya ndizi, magunia ya makaa au vikapu vya mboga, hata mtu atazamaye kwa mbali huona mzigo unaotembea wenyewe kabla hajamwona anayeuendesha. Wakisha kuuza mzigo mjini hurudi juu kwa namna inayowatia wageni hofu: hujishikiza nyuma ya malori yapandayo, mkono mmoja kwenye chuma cha lori, mkono mwingine kwenye usukani, na hivyo huvutwa hadi kileleni.

Mwandishi wa makala haya ameipita njia hiyo mara kadhaa kwa shughuli za kikazi. Katika safari za karibuni ameona kitu ambacho hapo zamani hakikuwapo: nyaya nyembamba zitokazo mfukoni mwa shati la mwendeshaji na kuishia masikioni mwake. Hivyo ni vipokea sauti vya masikioni, ambavyo wengi huviita hedifoni. Simu ndogo hujazwa nyimbo, waya huchomekwa, na kijana huushuka mlima akiimbiwa.

Swali linalotufaa kujiuliza, ndugu msomaji, ni hili: je, kuendesha baiskeli katikati ya magari huku masikio yamezibwa ni salama? Swali hilo si la Bugarama peke yake. Linamhusu pia kijana wa Kigoma aendaye sokoni, mwanafunzi wa Shinyanga aendaye shuleni, na mchukuzi wa abiria wa Kisumu au wa Bukavu. Lakini mlima ule wa Burundi unalionyesha kwa uwazi kuliko mahali pengi, na kwa hiyo yafaa tuanze huko.

FUNDI WA BUYENZI

Kabla ya kupanda mlima, ni vizuri kupita kwanza Buyenzi, sehemu ya mji wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya baraza, ya soko na ya gereji. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa na asili ya pande mbalimbali, zikiwamo Manyema ya Kongo na pwani ya Afrika ya Mashariki, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Njia zake zinatajwa kwa nambari, na katika nyingi kati ya hizo utasikia nyundo ikigonga chuma. Mgeni asemaye Kiswahili hajioni mgeni sana hapo.

Chini ya mwembe mmoja mzee mmoja fundi wa baiskeli alikuwa akinyoosha rimu iliyopinda. Baada ya kuamkiana naye, nilimwuliza anaonaje habari ya vijana wavaao vipokea sauti njiani. Hakuacha kazi yake. Alijibu akiwa bado anaizungusha rimu na kuitazama kwa jicho moja.

"Mwanangu," alisema, "gari lina vioo vitatu vya kutazamia nyuma. Baiskeli niletewazo hapa hazina hata kimoja. Basi Mungu amempa mwenye baiskeli masikio mawili, na hayo ndiyo vioo vyake. Akiyaziba, ni sawa na dereva aliyevunja vioo vyote kisha akaingia barabarani."

Nikamwuliza, "Sasa mzee wangu, na yule asiyeweza kuacha nyimbo zake?"

Alicheka, akanyosha mkono kwenye sanduku lake la vipuri, akatoa kioo cha pikipiki iliyokwisha kufa. "Huyo namfungia hiki," alisema. "Tena namfungia upande wa kushoto."

Kwa wasomaji waliozoea barabara za Tanzania, Kenya na Uganda, maneno hayo ya mwisho yanahitaji ufafanuzi. Burundi, Rwanda na Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara, na kwa hiyo gari linalompita mwendesha baiskeli humpitia kushoto kwake. Kwetu sisi tupitao upande wa kushoto mambo hugeuka, na hatari hutokea kulia. Mtu avukaye mpaka kwa baiskeli hana budi kuhamisha tahadhari yake kutoka bega moja kwenda bega la pili.

SIKIO LINAFANYA KAZI GANI BARABARANI?

Maneno ya fundi yule yanapatana na elimu ya mwili wa binadamu. Macho yetu yote mawili yamewekwa mbele. Hayawezi kuona kilicho nyuma mpaka kichwa kigeuzwe, na kichwa kinapogeuzwa juu ya baiskeli yenye mzigo mzito, usukani nao hutaka kufuata. Sikio halina taabu hiyo. Linapokea habari kutoka kila upande kwa wakati mmoja, usiku na mchana, bila kugeuzwa.

Isitoshe, sauti huweza kuzunguka mahali ambapo macho hugota. Katika kona za mlima wa Bugarama, lori lipandalo kwa gia nzito husikika kabla halijaonekana. Ukungu unaposhuka, hata mtu mwenye macho mazuri haoni mbali, lakini mngurumo wa injini humfikia. Mahali kama hapo sikio huona mbali kuliko jicho.

Tena ubongo wetu unajua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Sauti itokayo kushoto hufika sikio la kushoto mapema kidogo, na kwa nguvu zaidi kidogo, kuliko sikio la kulia. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini inatosha kumwambia mtu ageukie wapi. Kwa sababu hiyo mtu aliyeziba sikio moja husikia kwamba gari linakuja, ila huweza kukosea upande linakotokea.

Kuna kazi nyingine ya sikio ambayo wengi hawaitaji. Baiskeli yenyewe husema na mwenyewe. Mnyororo uliokauka hulia. Spoku iliyolegea hugonga. Raba ya breki ikisha kwisha, chuma husugua rimu kwa mlio mkali ambao fundi yeyote huutambua. Kwa mtu anayeshuka kilomita nyingi za mteremko akiwa na mzigo mzito nyuma yake, mlio huo ni onyo la mwisho. Aliyejaza muziki masikioni ataijua habari ya breki zake kwa njia nyingine, nayo ni kona ijayo.

Si vipokea sauti vyote vinavyoziba sawasawa. Vile vyenye mpira unaoingia ndani ya tundu la sikio huzuia sauti za nje hata kabla muziki haujafunguliwa. Vile vikubwa vinavyofunika sikio zima hufanya vivyo hivyo. Siku hizi vimetengenezwa pia vyenye uwezo wa kufuta kelele za nje kwa umeme, na kelele vinazofuta vizuri kuliko zote ni zile nzito zisizokatika, kama mngurumo wa injini. Maana yake ni kwamba kifaa kilichobuniwa kumstarehesha abiria wa ndege humnyima mwendesha baiskeli sauti ile ile ya lori anayoihitaji. Kwa upande mwingine, viko pia vinavyokaa nje ya sikio na kupitisha sauti katika mfupa wa shavu, vikaliacha tundu la sikio wazi. Hivi vina nafuu, ingawa havirudishi akili iliyokwisha kuzama katika wimbo au katika mazungumzo ya simu.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, nchini Uholanzi, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia waendesha baiskeli. Waliona kwamba kusikiliza muziki kulipunguza uwezo wa kusikia ishara za sauti, na waliotumia vile vyenye kuingia ndani ya masikio yote mawili ndio waliopata hasara zaidi. Waliosikiliza kwa sikio moja tu walibaki na nafuu kubwa. Uholanzi ni nchi ya baiskeli, yenye njia zilizotengwa mbali na magari. Ikiwa huko sikio lina thamani, ni thamani gani liliyo nayo mahali ambapo baiskeli na lori la tela hugombania ukanda mmoja wa lami!

HESABU YA SEKUNDE

Wapo watakaosema kwamba lori lina honi, na anayelipiga honi ndiye mwenye wajibu. Hebu tufanye hesabu ndogo, kama zile tulizozifanya darasani.

Tuseme mwendesha baiskeli anakwenda kilomita 18 kwa saa katika sehemu ya tambarare. Hiyo ni mita 5 kila sekunde. Nyuma yake linakuja gari kwa kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kila sekunde. Gari linamkaribia kwa mita 15 kila sekunde. Akilisikia likiwa mita 90 nyuma yake, ana sekunde 6. Katika sekunde 6 mtu huweza kutupa jicho nyuma, kushika usukani kwa mikono miwili na kusogea ukingoni bila papara. Lakini akilisikia likiwa mita 15 tu, kwa sababu ya wimbo unaolia masikioni, amebakiwa na sekunde 1. Sekunde 1 haitoshi kufikiri. Inatosha kushtuka tu, na kushtuka juu ya baiskeli yenye mzigo ndiko kunakomyumbisha mtu akaingia mbele ya gari ambalo lingempita salama.

Lazima tuwe wakweli katika hesabu hii. Mtu anaposhuka kwa kasi, upepo wenyewe hupiga kelele masikioni, na mvua kubwa hufanya hivyo pia. Hali kadhalika, aliyejishikiza nyuma ya lori linalopanda amezibwa masikio na injini ya lori lile lile linalomvuta, hata kama hana waya wowote. Haoni lililo mbele ya lori, wala halisikii lililo nyuma yake. Kwa hiyo asijidanganye mtu kwamba akivua vipokea sauti amekwisha kuwa salama. Sikio ni msaada mmoja kati ya misaada michache aliyo nayo, na kwa kuwa ni michache, hakuna hata mmoja wa kutupwa.

MAZUNGUMZO KANDO YA NJIA

Karibu na nusu ya mlima, mahali ambapo barabara hupanuka kidogo, waendesha baiskeli hupumzika na kukaza kamba za mizigo yao. Hapo nilimkuta kijana mmoja mwenye mikungu sita ya ndizi mbichi. Waya mweupe ulikuwa ukining'inia shingoni mwake.

"Habari za njia, ndugu yangu?" nilimwuliza.

"Njema, mzee," alijibu kwa adabu, ingawa umri wetu haukupishana sana.

Nilimwuliza kwa nini huziba masikio mahali penye malori mengi namna ile. Hakukasirika. Alisema huamka usiku wa manane, husukuma baiskeli kutoka kijijini hadi lami, kisha hushuka akiwa na usingizi. "Nyimbo ndizo zinazoniamsha," alisema. "Nisipoimbiwa, mlima huu ni mrefu, na mawazo ni mengi. Nina wadogo zangu watatu wanaosoma kwa ndizi hizi."

"Na malori?"

"Lori nalijua kwa mtetemo wa barabara."

Kabla sijasema neno, mwenzake aliyekuwa ameketi juu ya gunia la makaa aliingilia. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi chache kidevuni. Kwenye usukani wa baiskeli yake alikuwa amefunga redio ndogo ya betri kwa ukanda wa mpira wa tairi, nayo ilikuwa ikisoma habari. "Mdogo wangu," alimwambia yule kijana, "mtetemo ukikufikia, lori nalo limekwisha kukufikia. Mimi pia napenda nyimbo. Lakini redio yangu naiweka mkononi, siiweki kichwani. Ikiimba namsikia mwimbaji, na lori likija namsikia dereva."

Yule kijana alitabasamu na kuutazama waya wake, asijibu. Mjadala ule waliuendeleza wenyewe kwa Kirundi, na kwa nilivyoona haukuwa wa mara ya kwanza.

Nimeyaandika mazungumzo hayo kwa sababu mara nyingi sisi tukaao maofisini huwahukumu vijana wa namna hii kuwa wazembe. Yule hakuwa mzembe. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye familia mabegani, akitafuta dawa ya usingizi na upweke. Anayemwambia "vua waya" bila kujali usingizi wake amemwambia nusu tu ya jambo. Mwenzake alimjibu vizuri zaidi, kwa kuwa hakumnyima wimbo. Alimwonyesha mahali pengine pa kuuweka.

NCHI NYINGINE ZIMEAMUA NINI?

Tangu mwaka 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza Walkman, kile chombo cha kaseti cha kutembea nacho, watu wamekuwa wakiingia barabarani na muziki wao binafsi, na serikali mbalimbali zimelazimika kutoa uamuzi. Uamuzi wao haufanani.

Ufaransa iliamua kwa ukali. Tangu tarehe 1 Julai 2015 sheria yake inakataza dereva wa gari, wa pikipiki na mwendesha baiskeli kuvaa kipokea sauti sikioni, hata kama ni sikio moja, na faini yake iliwekwa euro 135. Hispania nayo inakataza. Italia inamruhusu mtu kutumia sikio moja, mradi la pili libaki wazi. Ujerumani haikitaji kifaa chenyewe kuwa kosa. Inamtaka mwendeshaji ahakikishe kwamba usikivu wake haukuharibiwa. Uingereza haina sheria inayomkataza mwendesha baiskeli kuvivaa. Uholanzi nayo, tangu tarehe 1 Julai 2019, inamkataza mwendesha baiskeli kushika simu mkononi akiwa mwendoni, lakini haikukataza kusikiliza muziki.

Kwa nini nchi zenye watu wenye masikio yale yale zikaamua tofauti? Sababu moja ni barabara. Mahali ambapo baiskeli ina njia yake yenyewe, kosa la sikio huweza kusamehewa. Mahali ambapo haina, halisamehewi. Barabara ya Bugarama haina njia ya baiskeli, na pembeni yake aghalabu kuna mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Mwezi Machi mwaka 2022 serikali ya Burundi ilitoa amri ya kuziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya mji wa Bujumbura. Lakini mzigo wa ndizi hauwezi kushuka mlima kwa amri. Lazima upite njia kuu, pamoja na malori.

Kuna hoja nyingine inayostahili kujibiwa. Husemwa kwamba viziwi huendesha baiskeli, wala hakuna awakatazaye. Ni kweli, na ni haki yao. Lakini tazama jinsi kiziwi anavyoendesha. Yeye anajua kwamba hasikii. Kwa sababu hiyo hugeuka mara kwa mara, huchagua njia, hukaa ukingoni, na macho yake hufanya kazi ya viungo viwili. Aliyevaa vipokea sauti amepoteza usikivu kwa saa moja tu, na mwili wake haujazoea. Huendelea kuendesha kwa mazoea ya mtu asikiaye, naye hasikii. Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe.

Vilevile husemwa kwamba dereva wa gari hufunga vioo na kufungulia redio kwa nguvu, na hakuna amwulizaye. Hoja hii nayo ina ukweli. Dereva asiyesikia kengele wala ukelele wa mtu ana hatia yake, na sheria yoyote inayomkaba mwenye baiskeli peke yake itakuwa imemwonea mnyonge. Hata hivyo, dereva amezungukwa na chuma na ana vioo vitatu. Mwenye baiskeli amezungukwa na shati. Wajibu ni wa wote wawili, lakini mwili utakaovunjika ni wa mmoja.

TUFANYE NINI?

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili. Katika barabara yenye magari, kuziba masikio yote mawili si salama, na katika mlima wenye kona, ukungu na mizigo ni hatari iliyo wazi. Yafuatayo yanafaa kuzingatiwa na kila nyumba yenye baiskeli.

Kwanza, masikio yaachwe wazi barabarani. Mwenye kupenda wimbo au habari na atumie redio ndogo iliyofungwa kwenye usukani, kwa sauti ya kadiri. Asiyeweza kabisa kuacha kipokea sauti na atumie kimoja tu, akiacha wazi lile sikio la upande ambako magari humpitia: la kushoto akiwa Burundi, Rwanda au Kongo, la kulia akiwa Tanzania, Kenya au Uganda. Hata hivyo na akumbuke kwamba hiyo ni nafuu, si usalama kamili.

Pili, asishindane na upepo. Mtu anaposhuka kwa kasi huongeza sauti ili asikie wimbo juu ya kelele za upepo, naye hujiumiza. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma akisikiliza sauti ya nguvu ya desibeli 80, na kadiri sauti inavyoongezeka ndivyo muda huo unavyopungua haraka. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.

Tatu, baiskeli ifungwe kioo. Si lazima kiwe kipya. Cha pikipiki kuukuu kinatosha, kama alivyoonyesha fundi wa Buyenzi. Kioo kitazidi kuwa cha lazima siku zijazo, kwa maana magari na pikipiki za umeme zinaongezeka, na hizo hazingurumi. Umoja wa Ulaya umelazimisha magari mapya ya umeme yatoe mlio maalumu yanapokwenda polepole, ili watu wa miguu wayasikie. Jirani zetu wa Kigali tayari wanazo pikipiki za umeme njiani. Sikio lililo wazi halitoshi mbele ya chombo kisicho na sauti, wala kioo hakitoshi katika kona. Yafaa vyote viwili viwepo.

Nne, usingizi utibiwe kwa usingizi. Kijana aliyeamka usiku wa manane na apumzike robo saa kando ya njia kabla ya mteremko mkali, badala ya kujipigia muziki masikioni. Wanunuzi wa mjini wanaomhimiza afike alfajiri wanaweza kumsaidia kwa kumpokea saa moja baadaye bila kumpunguzia bei.

Tano, wazazi wanaowaruhusu watoto kwenda shule kwa baiskeli wawaulize nini kilichomo masikioni, kama wanavyowauliza juu ya madaftari. Mtoto afundishwe mapema kugeuka, kusikiliza na kusubiri.

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Vijana wa mlima wa Bugarama si watu wa kufa. Ni wachapa kazi wanaowalisha watu wa mjini na kuwasomesha wadogo zao kwa mzigo wa ndizi. Masikio yao yangali hai, na ni kazi yetu sisi sote, madereva, wazazi, mafundi na wakubwa wa barabara, kuhakikisha kwamba yanabaki wazi, na kwamba kila alasiri ikinga iliyoteremka na mzigo inarudi nyumbani na mwenyewe.